Taarifa ya Fadhila na Taarifa ya Madhara



Mwezi huu nilikusudia kuendelea na khabari za vitabu vya watoto, walakini limenifikia jambo lililonishughulisha hata nikaona haifai kuliahirisha. Nimeletewa kijitabu. Ni kizuri cha kutazama, karatasi zake nzito zinateleza mkononi na rangi zake zimekoza. Kimepigwa chapa na kampuni moja yenye kiwanda katika mji wetu, nacho huitwa taarifa ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Katika ukurasa wa 14 nimo mimi mwenyewe. Nimesimama mbele ya madrasa yetu, nimevaa kanzu yangu ya Idi, mkono nimeuweka juu ya dawati, na nyuma yangu wanafunzi wamepangwa safu mbili, wadogo mbele.

Madawati hayo ni ishirini. Yalikuja kweli, ni ya mbao ngumu, na hata leo yangali imara. Sisemi kinyume chake, wala sitaki msomaji adhani kuwa nakanusha wema niliotendewa. Lakini nyuma ya kiwanda kile upo mfereji upitao katikati ya nyumba za watu na kuishia kwenye mikoko, na tangu miaka kadha wa kadha majirani hulalamikia rangi ya maji yake na harufu yake. Siku madawati yalipoletwa, mzee mmoja jirani yangu alinivuta kando akaniambia, "Maalim, leo wakubwa wao wote wapo hapa. Wataje mfereji." Nikamjibu, "Subiri, mzee wangu, leo ni siku ya furaha." Sikuutaja. Na kijitabu nacho, kurasa zake zote 46, hakikuutaja.

Binti yangu, aliyesomea mambo ya hesabu za biashara, aliponiona nakipekuapekua kijitabu kile siku ya tatu mfululizo, aliniambia, "Baba, ipo sinema moja nataka uitazame kabla hujaandika neno." Mimi si mtu wa sinema, na wasomaji wa safu hii wa zamani wanajua ukali niliokuwa nao katika jambo hili. Nikakubali kwa ajili yake. Tuliitazama kwa usiku mbili, yeye akinifasiria kila mahali Kiingereza kiliponipita.

Sinema hiyo yaitwa Dark Waters, nayo ilitolewa mwaka 2019. Mwongozaji wake ni Todd Haynes, na mwigizaji mkuu ni Mark Ruffalo. Si hadithi ya kubuni. Ni khabari ya wakili Robert Bilott wa mji wa Cincinnati, ambaye kazi yake ilikuwa kuyatetea makampuni ya kemikali, na ya mfugaji mmoja wa ng'ombe, Wilbur Tennant, aliyeishi karibu na mji wa Parkersburg katika jimbo la West Virginia huko Marekani. Bibi yake wakili alikuwa mwenyeji wa upande ule, na kwa njia hiyo mfugaji akalipata jina lake. Mwaka 1998 akamtafuta. Ng'ombe wake walikuwa wakifa, na hesabu ya waliokufa ilipita 150. Wengine walitokwa na povu mdomoni, wengine macho yao yaligeuka rangi, na wengine waliokuwa wapole toka kuzaliwa kwao waligeuka wakali wakamrukia aliyewafuga. Hapana daktari wa mifugo wa mji ule aliyetaka kuligusa jambo lile, kwa kuwa mji mzima ulikula kwa mkono wa kampuni ya DuPont. Basi Tennant akashika kamera, akawapasua ng'ombe wake waliokufa, akapiga picha maini na figo zao na kijito walichokunywa maji.

Kijito kile kilitoka katika ardhi ambayo jamaa zake Tennant waliiuzia DuPont mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo kampuni ikaifanya jaa la taka zake. Miongoni mwa vilivyotupwa humo ilikuwamo kemikali iliyoitwa C8, ambayo DuPont ilianza kuinunua kwa kampuni ya 3M mwaka 1951 kwa ajili ya kutengenezea Teflon, ule utando mweusi wa vikaango usioshika chakula. Pengine, bibi msomaji, kimoja kiko jikoni kwako sasa. Usikitupe kwa hofu. Madhara ninayoyasimulia hapa yalikuwa ya maji ya kunywa na ya waliofanya kazi kiwandani.

Nitoe maoni yangu juu ya sinema yenyewe. Haifai kwa watoto. Mwanzo wake una vijana wanaoogelea usiku bila ya stara, na mna lugha chafu mahali pengi. Lakini kwa watu wazima nasema itazamwe. Jambo lililonipendeza ni subira yake. Aghalabu sinema za Marekani hutaka mtu akimbizwe na motokaa kila baada ya dakika kumi, lakini hii humwonyesha mtu ameketi sakafuni katikati ya masanduku ya makaratasi, akiyapanga moja moja kwa tarehe. Mahakama iliiamuru kampuni itoe nyaraka zake, nayo ikatoa kurasa zaidi ya 110,000, labda kwa kutumaini kwamba hapana atakayezisoma. Akazisoma. Kosa la sinema, kwa maoni yangu, ni kwamba inapofika katikati humwacha mfugaji ikamfuata wakili tu, na Tennant huwa kama mgeni aliyeleta khabari akaondoka. Wallahi yule ndiye aliyeanza kuuliza, naye hakuwahi kuuona mwisho wa jambo, kwani alifariki mwaka 2009.

Lipo pia jambo moja lililonishika koo. Katika kituo cha mafuta anatokea kijana mwenye kasoro usoni. Huyo si mwigizaji aliyepakwa rangi. Ni mtu mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye mama yake alifanya kazi katika kiwanda kile alipokuwa na mimba yake.

Kisha binti yangu akanipa kitabu, Exposure, alichokiandika Bilott mwenyewe mwaka huo huo wa 2019. Kitabu hiki nimekisoma polepole, kamusi ubavuni, nami nakiweka juu ya sinema. Ndani yake utaona jinsi makaratasi yalivyoshuhudia dhidi ya wenyewe walioyaandika. Mwaka 1961 watafiti wa kampuni walikwisha ona kwamba C8 huvimbisha maini ya panya. Mwaka 1981 kampuni ya 3M iliarifu kwamba panya waliopewa kemikali ile walizaa watoto wenye kasoro za macho. DuPont ikawaondoa wanawake katika kazi ile na kuwachunguza watoto wa wafanyakazi waliokuwa waja wazito. Katika watoto saba, wawili walikuwa na kasoro za macho. Mwaka 1984 kampuni ilipima maji ya mabomba ya mitaa ya jirani na kuikuta C8 imo. Mwaka 1991 wataalamu wa kampuni wenyewe waliweka kipimo ambacho maji ya kunywa yasikipite, yaani sehemu moja katika bilioni moja. Mtu akitaka kujua udogo wa kipimo hicho, na akadirie sekunde moja katika miaka 32. Wataalamu wake hawakuwa wajinga, basi. Walijua, wakapima, wakaandika, wakatia katika sanduku.

Hapa ndipo nilipokikumbuka kijitabu changu cha ukurasa wa 14, maana msomaji atauliza: je, kampuni hii nayo haikuwa ikitoa taarifa? Ilitoa, tena ilikuwa katika wa mbele. Mwaka 1989 mkuu wake wa siku zile, Edgar Woolard, alihutubia London akisema kwamba kampuni yapasa iyatunze mazingira kama inavyotunza biashara. Wala hayakuwa maneno matupu. Kati ya mwaka 1990 na miaka ya mwanzo ya 2000, DuPont ilipunguza gesi zake zinazoongeza joto la dunia kwa zaidi ya nusu, ikayatangaza hayo na ikasifiwa. Mwezi wa Disemba 2005 jarida la BusinessWeek la Marekani liliitanguliza DuPont mbele ya makampuni yote katika orodha ya wanaostahili sifa kwa jambo hilo.

Mwezi huo huo wa Disemba 2005, Idara ya Serikali ya Marekani ya Kulinda Mazingira ilitangaza kwamba DuPont imekubali kulipa jumla ya dola milioni 16.5 kwa ajili ya C8. Na kosa, ndugu zangu, lilikuwa nini? Halikuwa kosa la kumwaga. Lilikuwa kosa la kutotoa taarifa. Sheria ya nchi ile ya mwaka 1976 humlazimisha mwenye kutengeneza kemikali kuiarifu serikali mara tu anapojua kwamba ina hatari kubwa kwa watu, na kampuni ilikwisha jua tangu 1981 kwamba C8 huvuka kutoka katika damu ya mama ikamfikia mtoto tumboni. Haikusema.

Basi kampuni moja, katika mwezi mmoja, ilisifiwa kwa taarifa ambayo hapana sheria iliyoilazimisha kuiandika, na ikatozwa fedha kwa taarifa ambayo sheria iliilazimisha nayo haikuiandika. Faida yake ya mwaka ule ilipita dola bilioni 2. Dola milioni 16.5 kwake ni chini ya senti moja kwa kila dola.

Nataka nitahadhari katika jambo hili, maana ni rahisi kupiga kelele kwamba taarifa zote za makampuni ni uongo. Sifa ile ya gesi ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwongo hushikwa siku moja, lakini asemaye kweli kwa kuchagua hukaa miaka mingi akiheshimiwa. Watoto wa madrasa hukariri sura ya wenye kupunja vipimo wangali wadogo, na miaka yote nimewafasiria kwa kuwapa mfano wa muuza mchele aliyeficha jiwe chini ya mizani. Sikuwahi kufikiri juu ya mtu ambaye mizani yake ni sahihi kabisa, ila anachagua yeye kipi kipimwe na kipi kibaki ghalani. Katika miji ya Waislamu wa zamani alikuwapo muhtasibu aliyepita sokoni kukagua vipimo. Hakungoja muuzaji amwandikie barua ya kujisifu. Na mbele ya kadhi, mwenye kudai huleta shahidi. Hajishuhudii mwenyewe, hata akiwa na kanzu nyeupe namna gani.

Mifano mingine haihitaji maneno mengi. Kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64 kilichotolewa Julai 2000. Mwezi wa Disemba 2001 ilifilisika kwa hesabu za hila. Volkswagen ya Ujerumani ilitajwa Septemba 2015 kuwa ya kwanza kati ya watengeneza magari katika orodha ya Dow Jones ya makampuni yanayojali mazingira, na kabla ya mwezi kwisha ikajulikana kwamba magari yake ya dizeli yalitiwa hila ya kudanganya kipimo cha moshi. Ikaondolewa katika orodha. Waliomsifu walikuwa wamesoma makaratasi aliyowapa yeye.

Mtu atasema hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi yatuhusu nini? Hapo nitaje kitabu cha tatu, kwa kuwa wanaotajwa ndani yake ni watu wa lugha yetu. Ni Cobalt Red cha Siddharth Kara, cha mwaka 2023, juu ya wachimbaji wa kobalti katika Kongo, khasa Kolwezi, mji ambao Kiswahili chake utakisikia sokoni na nyumbani. Kobalti hutiwa katika betri za simu na za motokaa za umeme, na yapata sehemu 7 katika 10 za kobalti yote ya dunia hutoka katika nchi ile. Wengi huchimba kwa mikono, na miongoni mwao wamo watoto. Taarifa za makampuni makubwa husema kwamba hayavumilii kazi ya watoto hata kidogo. Lakini mawe ya mtoto na mawe ya mashine huchanganyika kabla hayajafika baharini, na huko mbele hapana awezaye kuyatenga.

Kitabu hiki sikukipenda kama kile cha Bilott. Mwandishi hupenda mno kulia, na watu wa Kolwezi ndani yake aghalabu huonekana ili wateseke mbele yetu, si ili waseme walifanyalo. Wakongomani na watafiti kadhaa wamemlaumu kwa maandishi, nami naona wana haki. Wenyeji hawakungoja mgeni. Shirika la Afrewatch la huko huko Kongo, pamoja na Amnesty International, lilikwisha chunguza na kutoa ripoti Januari 2016. Hata hivyo kisomwe, maana kinafuata jiwe kutoka shimoni hata sokoni, na hilo ndilo ambalo vijitabu vya rangi havifanyi. Mwaka 2019 jamaa za watoto waliokufa na waliolemaa katika mashimo walishitaki makampuni matano makubwa, nayo ni Apple, Microsoft, Dell, Tesla na kampuni mama ya Google. Mwezi wa Machi 2024 mahakama ya rufani ya Washington ikasema kwamba kununua tu kobalti hakuwafanyi wanunuzi kuwa washirika wa waliowatumikisha watoto. Pengine hivyo ndivyo sheria yao ilivyo. Mzee aliyempoteza mwanawe shimoni ataisoma kwa namna nyingine.

Turudi Parkersburg, kwa kuwa huko lilifanyika jambo la maana kuliko yote niliyoyasoma. Wakazi wa upande ule waliposhitaki kwa pamoja mwaka 2001, na suluhu ikafikiwa mwaka 2004, lilizuka swali: fedha watu wagawane wale, au watafute ukweli? Walikubaliana wapimwe damu kwanza. Watu wapatao 69,000 walitoa damu zao, kila mmoja akilipwa dola 400 kwa usumbufu wake, na wataalamu watatu waliokubaliwa na pande zote mbili wakakaa miaka saba wakichunguza. Majibu yalitoka 2011 na 2012. C8 ilionekana kuhusiana na maradhi sita, yakiwamo saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo na shinikizo la damu la waja wazito. Mwaka 2017 DuPont na kampuni iliyozaliwa kwake, Chemours, zikakubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zaidi ya 3,500. Na mwishoni mwa mwaka 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia wakaiweka kemikali ile katika daraja la kwanza la visababisha saratani.

Hebu tazama ni nani aliyeandika taarifa ya kweli mwisho wa yote. Ni mikono 69,000 iliyonyooshwa kwa sindano.

Binti yangu amenionyesha pia namna ya kukisoma kijitabu kama kile nilicholetewa, nami nawapitishia. Husema picha za watoto ziachwe mwisho. Kwanza mtu atafute mahali palipotajwa maji machafu, moshi, waliojeruhiwa kazini, na faini. Kisha atazame kama zimo hesabu za miaka mitatu au minne zikiwa pamoja, ili aone kama zinapanda au zinashuka. Kisha aulize ni nani aliyepima, naye alilipwa na nani. Ikiwa kampuni inauza hisa, ipo taarifa nyingine kavu, isiyo na picha, wanayopewa wenye fedha, na humo mara nyingi kesi hutajwa kwa kuwa sheria hulazimisha. Kuna juhudi za kuzifanya taarifa hizi zote ziwe za lazima. Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2022, walakini mwaka 2025 Tume yake yenyewe ikapendekeza makampuni mengi yasamehewe, kwa hoja kwamba kazi ya kuandika imekuwa nzito. Mimi mwalimu wa madrasa nimecheka kidogo hapo. Kazi ya kuandika wema haikuwahi kuwa nzito.

Kijitabu changu nimekisoma kwa njia ile. Maji yametajwa mara moja, katika khabari ya kisima walichochimba kijiji cha mbali. Moshi haukutajwa. Aliyekagua hakutajwa. Madawati yetu yametajwa mara tatu, na katika mahali pamoja yamekuwa arobaini.

Basi nimeandika barua. Sikuandika kwa matusi, nimeanza kwa kuwashukuru tena kwa madawati na kuwasahihisha idadi. Kisha nimeomba jambo moja tu: majibu ya kupimwa maji ya mfereji kwa miaka mitatu iliyopita, pamoja na jina la aliyeyapima. Nimeipeleka kwa mkono siku ya Jumatatu, na karani wa pale getini amegonga muhuri katika nakala yangu. Nakala hiyo nilimpelekea mzee jirani yangu baada ya sala ya alasiri. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Na madawati, Maalim," akaniuliza, "wakija kuyachukua?"

Nikamwambia kwamba mikeka ya zamani ingali darini, ila itahitaji kuanikwa.

Tangu Jumatatu hiyo siku kumi na tisa zimepita na jibu halijafika. Likifika kabla ya toleo lijalo nitaliweka hapa lote kama lilivyo, na mahali pakibaki tutaendelea na vitabu vya watoto, inshallah.